Dalili za matatizo ya ulaji

Dalili za matatizo ya ulaji ni mabadiliko ya tabia na ya mwili yanayoonyesha kwamba mtu ameanza kutawaliwa na hofu ya kunenepa au na ulaji asioweza kuuzuia. Matatizo hayo ni magonjwa ya akili, si maringo wala ukaidi. Yanayojulikana zaidi ni anoreksia nevosa, ambapo mgonjwa hujinyima chakula, na bulimia nevosa, ambapo hula kupita kiasi kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Mara nyingi huanza katika ujana, kwa wasichana zaidi, ingawa wavulana na watu wazima nao huugua.

Jina na historia

Neno anoreksia lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "kukosa hamu ya kula". Jina hilo linapotosha, kwa kuwa mgonjwa huwa na njaa, tena kali, ila hupigana nayo. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris walieleza ugonjwa huo, kila mmoja kwa upande wake; Gull ndiye aliyeupa jina linalotumika hadi leo. Bulimia ilielezwa na Gerald Russell mwaka 1979. Watu wengi walisikia habari za anoreksia kwa mara ya kwanza tarehe 4 Februari 1983, alipofariki mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter, mwenye umri wa miaka 32, kwa ugonjwa wa moyo uliotokana nayo.

Tabia

Kukonda ni dalili inayochelewa, na wengine hawakondi kabisa. Kinachotangulia ni masharti: mtu anaacha wali, kisha ugali, kisha chochote chenye mafuta. Anakata chakula vipande vidogo mno, anajipima kwenye mizani mara kwa mara, anavaa nguo pana, anafanya mazoezi hata akiwa mgonjwa. Sababu hazimwishi: ameshakula kwa rafiki, tumbo linamuuma, amefunga. Panapoliwa katika sinia moja ni rahisi kushika tonge muda mrefu bila kula, na hakuna anayehesabu. Funga ya ibada ni jambo jingine, lakini mgonjwa anaweza kujificha nyuma yake. La kuangalia ni kama anafuturu na wenzake au anatafuta njia ya kukwepa.

Jambo linalowachanganya jamaa ni kwamba huyohuyo asiyekula hupenda kuwapikia wengine na kuzungumzia vyakula. Maelezo yake yalipatikana huko Minnesota, Marekani, miaka 1944-1945, ambapo Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Waliwaza chakula mchana kutwa, na baadhi yao wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Basi sehemu ya tabia hizo huletwa na njaa yenyewe, na ndiyo maana kubishana na mgonjwa hakusaidii sana.

Mwenye bulimia huweza kuwa na uzito wa kawaida. Humtambulisha zaidi kwenda msalani kila anapomaliza kula na chakula kutoweka jikoni bila maelezo.

Mwili

Anayejinyima chakula huhisi baridi hata penye joto, hupata kizunguzungu na kufunga choo, nywele hunyonyoka, na mwilini huota malaika laini kama ya mtoto mchanga. Mapigo ya moyo hupungua. Hedhi huweza kukoma, lakini kuendelea kwake si uthibitisho wa afya. Anayejitapisha huvimba mashavu karibu na taya, meno yake hulika, na huweza kuwa na sugu kwenye vifundo vya vidole. Kutapika humaliza potasiamu mwilini, na upungufu huo unaweza kusimamisha moyo ghafla.

Kukonda kuna sababu nyingine pia, kama kifua kikuu, kisukari na UKIMWI, hivyo vipimo vya hospitali ni vya lazima. Katika Afrika Mashariki familia nyingi huwazia magonjwa hayo kwanza. Nchini Uganda, miaka ya 1980, UKIMWI wenyewe uliitwa "slim" kwa sababu ya kukondesha.

Kumsaidia mgonjwa

Azungumzwe naye faraghani, kwa upole, juu ya yale yaliyoonekana, si juu ya umbo lake. Hata "umenenepa", linalosemwa kwa nia njema, linaweza kumrudisha nyuma. Akizimia, akiumwa kifua, akitapika damu au akitaja kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyekaa na njaa muda mrefu asilazimishwe kula sana kwa mara moja: madini ya damu, hasa fosfati, huweza kushuka kwa hatari, kwa hiyo chakula huongezwa kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari.