Saratani inayoambukiza

Neno "saratani" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, yule wa baharini. Waganga wa Ugiriki ya kale waliona mishipa ya uvimbe imetandaa kama miguu ya kaa, wakauita kaa, na jina likabaki. Mbwa nao hupata saratani, lakini tusiuite kila uvimbe wao hivyo: mwingine ni mafuta tu chini ya ngozi.

Neno linalonishughulisha zaidi ni "kuambukiza". Tumezoea kusema saratani haiambukizi. Kwa binadamu, sawa. Kwa mbwa ipo moja inayoambukizwa, hasa kwa kupandana: seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka kwa mbwa mmoja zikaota kwa mwingine. Na zote ni uzao wa seli za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita! Hushambulia hasa sehemu za siri, na damu hudondoka. Mbwa wanaozurura ndio huipata zaidi.

Inatibika. Sindano za vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska, hudungwa kila wiki kwa wiki kadhaa na kuponya wengi. Ukiiona damu hiyo, usimfukuze mbwa wako. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.