Gombo la Westminster na Mpiga Tarumbeta Asiyetajwa

Hati za sherehe za kifalme za Uingereza aghalabu husomwa kama kumbukumbu za yaliyotendeka. Gombo la Mashindano ya Westminster la 1511, lililohifadhiwa katika College of Arms jijini London, linadhihirisha upungufu wa usomaji huo. Gombo hilo la ngozi, lenye urefu wa takriban mita 18, linasawiri mashindano ya wapanda farasi wenye mikuki yaliyofanywa Februari 12 na 13 kusherehekea kuzaliwa kwa mwana wa Henry VIII na Catherine wa Aragon. Nembo, mavazi na rangi vinatangaza uthabiti wa ukoo wa Tudor. Hata hivyo, mtoto huyo alifariki Februari 22; msiba huo haumo katika picha.

Miongoni mwa wapiga tarumbeta yumo mtu mweusi mwenye kilemba, aliyechorwa mara mbili. Gombo halimtaji. Wataalamu humtambua kuwa John Blanke kutokana na hesabu za malipo za kasri: Desemba 1507 alilipwa shilingi 20, yaani peni 8 kwa siku. Baadaye alimwomba Henry VIII aiongeze ijara hiyo iwe peni 16, naye akakubaliwa.

Katika gombo, Blanke ni sehemu ya fahari ya mfalme. Katika ombi lake, ni mfanyakazi anayejua thamani ya kazi yake. Mhakiki anayetafuta historia ya Waafrika barani Ulaya hana budi kuzisoma hati hizo sambamba, kwani picha ilihifadhi sura na hesabu zikahifadhi jina.