Ukumbusho: Neno la Katanga kwa Kazi ya Mtunzi

Mwandishi wa hadithi akialikwa redioni au shuleni, maswali yanayomngoja yanajulikana. Unasoma nini? Unaandika saa ngapi? Na lile lisilokosekana: msukumo wako unatoka wapi? Neno msukumo halijawahi kuniridhisha. Linanipa picha ya mtu anayesukumwa mgongoni na kitu asichokiona. Ilhamu, tuliyoipata kwa Waarabu, ina heshima zaidi, ila nayo humshukia mtunzi akiwa peke yake, utadhani hadithi ni siri baina yake na mbingu. Katika maneno yote mawili msomaji hana kiti.

Ukanda wa shaba wa Kongo, huko Katanga, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, una neno linalofaa zaidi, na waliolikuza hawakuwa maprofesa wa fasihi. Walikuwa wachoraji waliouza picha zao mitaani miaka ya 1970, pamoja na wafanyakazi na makarani waliozinunua ili wazitundike sebuleni. Picha yenye thamani, kwao, ilikuwa ukumbusho.

Tuitazame moja. Inaitwa Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji, na wachoraji wengi waliirudia, kila mmoja kwa mkono wake. Ni ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, makalio wazi, na askari mweusi ameinua kiboko. Mbelgiji mwenye kofia amesimama kando akiangalia. Wafungwa wengine, katika sare zao za mistari, wanaendelea na kazi. Aliyeinunua picha hiyo huenda hakuwahi kufungwa hata siku moja. Lakini mgeni akiingia, akakaa, akainua macho ukutani, mazungumzo yanaanza: kodi ya babu, barabara iliyolimwa kwa nguvu, mjomba aliyekimbilia Angola. Mchoraji hayupo hapo, wala hahitajiki tena. Wanaosimulia sasa ni wenye nyumba.

Sarufi yenyewe inalieleza jambo hili. Kumbuka ni kitendo cha mtu mmoja. Anaweza kukifanya gizani, amelala. Kumbusha lazima wawe wawili, na ukumbusho umezaliwa na kumbusha. Kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kumweka msomaji ndani kabla mtunzi hajagusa kalamu. Sijaona istilahi nyingine ya fasihi yetu inayofanya hivyo kwa wepisi namna hii.

Aliyelifikisha neno hili mbali ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1947, akaishi Kolwezi. Mnamo 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikusanya kwake picha 101 za historia ya nchi, zilizochorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na Tshibumba akazieleza kwa Kiswahili huku maneno yake yakirekodiwa. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na aliidai hadhi hiyo kwa dhati. Hata hivyo, alipomchora Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akiwa maiti pamoja na Mpolo na Okito waliouawa naye, nyuma yao aliweka misalaba mitatu. Misalaba hiyo haimo katika faili la mahakama yoyote. Ni mkono wa mtunzi, na bila huo picha ingekuwa taarifa tu.

Sisi husema amebuni. Kolwezi ina neno lake zito zaidi. Katika Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki lililoanza huko miaka ya 1950 kwa uongozi wa padri Placide Tempels, mafundisho yenyewe yaliitwa mawazo. Napenda kuyatazama mawazo ya mtunzi kwa uzito huohuo: kitu unachokipokea, unakikalia, kisha unakitoa kwa wengine.

Ukumbusho haukomei kwenye picha. Sasa twende Sandoa, kaskazini-magharibi mwa Kolwezi, kwenye mto Lulua. Huku ni nchi ya Walunda na Wachokwe, na Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko jirani katika Kapanga. Hadithi inayotawala huku ni ya Lueji, au Ruwej kwa matamshi ya Kilunda. Baba yake mzee alikuwa akisuka mkeka, na chungu cha maji ya kuloweshea nyuzi kipo pembeni, maji yamekuwa meupe. Wanawe wawili wa kiume wakaingia wamelewa, wakadhani ni pombe ya mchikichi, wakamtukana na kumpiga. Lueji alimuuguza. Mzee akampa binti lukano, bangili ya utawala. Baadaye akaja mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga. Lueji akaolewa naye, na ndugu zake wakaondoka kwa hasira kuelekea magharibi.

Ona kile chungu. Falme zimegawanyika kwa sababu ya rangi ya maji ya kuloweshea nyuzi. Mwandishi yeyote wa riwaya angelipa ghali apate kitu kidogo kama hicho, kinachoshikika, cha kubebea msiba mkubwa. Ndiyo maana hadithi hiyo imewavuta waandishi hata nje ya Kongo. Mwaka 1989 Pepetela wa Angola alichapisha riwaya ya Lueji, akimfungamanisha malkia huyo na Lu, mcheza dansi wa Luanda ya kisasa. Alichochukua ni cha watu wote wa mipaka ile. Namna alivyokikumbusha ni yake. Riwaya, kwa asili yake ya Kiarabu, ni upokezi wa habari kutoka kinywa hadi kinywa. Basi neno hilo linawafaa wazee wa Sandoa sawasawa na linavyomfaa Pepetela.

Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na sasa anaishi Graz, Austria, amefuata njia nyingine. Riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, inaingia katika baa ya mji wa migodi, na maandishi yake huyasoma jukwaani pamoja na wanamuziki wa jazi. Yake ya 2020, La Danse du vilain, inavuka kutoka Lubumbashi hadi kwenye almasi za Lunda Norte, upande wa pili wa mpaka. Anaandika kwa Kifaransa. Mimi, kwa kweli, natamani sana kuzisoma riwaya hizo kwa Kiswahili, maana midundo yake imelelewa katika mitaa inayokisema.

Hapo tunagusa maneno mawili yanayombana kijana wa Katanga anayetaka kutunga. La kwanza ni kusoma. Katanga mtoto huenda ku masomo, yaani shuleni, na hivyo kusoma kunanuka mtihani na ada. La pili ni kuandika. Katika Kiswahili cha kazi, kumwandika mtu ni kumwajiri. Aliyeandikwa jina lake limo daftarini, na mwisho wa mwezi atapata mshahara. Kijana akisema nyumbani kwamba anaandika, wazazi wana haki ya kuuliza ameandikwa na nani. Sioni ubaya katika maswali hayo. Nchi iliyojengwa kwa madaftari ya kampuni ina sababu ya kuipima kalamu kwa posho. Ila ukumbusho unampa kijana huyo jibu ambalo msukumo haumpi: kazi anayoifanya ina mwenye kuihitaji, na mhitaji huyo ni yule aliyekaa sebuleni akiinua macho.

Kwa hiyo nina ombi kwa watunga kamusi wetu wa Tanzania na Kenya. Mkikifungua tena kitomeo cha ukumbusho, msiishie kwenye mnara na zawadi ya msafiri. Ongezeni maana ya Katanga: kazi ya sanaa, ya kuchora au ya kutunga, inayomfanya anayeipokea aanze kusimulia ya kwake. Na wewe utakayemhoji mwandishi, acha kumuuliza nini kilimsukuma. Muulize kazi yake ni ukumbusho wa nini, na kwa nani.