Akiba ya Baruti Unyanyembe

Wahenga walisema akiba haiozi. Yaelekea baruti hawakuihesabu, maana baruti ni akiba inayooza. Ikipata unyevu haishiki moto. Ikipata cheche inaondoka na mwenyewe. Ndugu msikilizaji, wiki hii tutazame jinsi akiba ya namna hiyo ilivyojenga na kubomoa tawala za Unyamwezi katika karne ya 19. Wakazi wa Chemchem, Gongoni na Ng'ambo pale mjini Tabora wanaishi juu ya historia hiyo, na kwa hakika inatuhusu sote.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliuzuia msafara wa Waarabu uliokuwa njiani kwenda Ujiji. Kwa mujibu wa Henry Morton Stanley, aliyekuwa Unyanyembe wakati huo, Mirambo alidai hongo ya mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Mabishano yalichukua zaidi ya siku nzima, hatimaye Waarabu wakalipa. Baada ya kulipa wakaambiwa warudi walikotoka. Vita ikaanza.

Tuitazame hongo hiyo kwa makini. Bunduki zilizoenea bara siku zile zilikuwa za gumegume na za fataki, yaani magobore. Kila mlio ulihitaji kumimina baruti mdomoni mwa mtutu, kushindilia, kisha kutia risasi. Gobore lisilo na baruti ni rungu tu, tena rungu zito. Na sehemu kubwa ya baruti ilitoka pwani, mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yapata kilo 32. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Ndani ya baruti mna shura, salfa na makaa, nazo huharibika zikikutana na maji. Mzigo mmoja ukiangukia mtoni ni hasara tupu.

Kwa hiyo mtemi hakuweza kungoja siku ya vita ndipo atafute baruti. Ilimbidi aiweke mapema. Lakini jirani yake alipoona mapipa yanaingia bomani, hakuuliza kama ni ya kujilinda au ya kushambulia. Naye alipeleka pembe za ndovu sokoni, au watu waliotekwa, akanunua ya kwake. Hivyo kila aliyenunua kwa hofu alimtia hofu mwingine, na aliyefaidika siku zote ni muuzaji.

Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walishindwa vibaya. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, aliuawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley mwenyewe, akiwa Kwihara, alitoboa kuta za tembe lake apate matundu ya kupigia bunduki. Vita viliendelea hadi mwaka 1875. Biashara ya silaha nayo haikupungua. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipita Zanzibar kila mwaka kwenda bara.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Dola lake, lililokuwa tishio kwa wote, halikudumu miaka mingi baada yake. Rugaruga walibaki na bunduki zao, lakini aliyekuwa akiwaunganisha hakuwapo. Akiba ya silaha si akiba ya umoja.

Huko Unyanyembe, Mtemi Isike aliyemrithi Mkasiwa alikuwa na ngome yake ya Isiunula, yenye kuta imara na ghala la baruti. Wajerumani walipoishambulia mwaka 1892 hawakufaulu. Januari 1893 alikuja Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, akaivunja. Isike alipoona adui ameingia, alikwenda ghalani pamoja na jamaa zake akaiwasha baruti. Inaelezwa kwamba Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamtundika mtini. Aliyaweka mapipa yale yamlinde. Siku ya mwisho kazi iliyobaki nayo ilikuwa kukataa kutekwa. Ushujaa wake hauna shaka. Lakini ukubwa wa ghala haukuleta washirika.

Wala ghala halikuweza kujazwa tena kwa urahisi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, yakazuia bunduki, baruti na risasi kuingia katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Silaha za watu binafsi zilitakiwa kuwekwa katika maghala ya serikali na kutolewa kwa kibali. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango kidogo; bunduki za kisasa zikabaki mikononi mwa majeshi ya wakoloni. Charles Stokes, mfanyabiashara wa Ireland aliyekuwa ameoa Unyamwezi, alinyongwa Kongo Januari 1895 na Kapteni Lothaire kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa utawala ule. Mkataba ule ulisemwa kuwa wa kukomesha utumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini pia ulimnyang'anya silaha yule aliyekuwa karibu kutawaliwa.

Leo hali ni tofauti. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na pamoja na majirani zake ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo. Sheria hizi ni zetu, hazikuandikwa Brussels. Hata hivyo wapo wanaoamini kwamba mwenye sanduku la risasi chini ya kitanda analala salama kuliko jirani yake.

Mtu huyo na ajiulize maswali mawili. Risasi zake anazinunua kwa nani, na huyo muuzaji anamuuzia nani mwingine? Mirambo na Isike walitegemea ghala lililojazwa na watu wa mbali. Usalama wa mtaa hutoka kwa majirani wanaoaminiana na dola inayotenda haki, na hivyo haviuzwi kwa pipa.