Kurusha ni Siku Moja, Kutunza ni Miaka

Kila Desemba lazima mtu aposti kuhusu setilaiti ya Uhuru. Na ni haki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano waliirushia NASA darubini hiyo kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kusaka eksirei za angani. Jina wakalitoa kwetu.

Posti nyingi huishia hapo. Lakini hebu tuendelee kidogo.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, yenye vyanzo 339 vya eksirei, ilitoka 1978. Miaka 5 mashine ikiwa imekufa, watu bado wako kwenye kompyuta wanachambua data ile ile! Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel 2002.

Malindi nayo haikuzimika. Jukwaa lilirusha roketi ya mwisho 1988, lakini antena za nchi kavu zilibaki kazini. Moja ya darubini zinazoteremsha data hapo ni Swift ya NASA, iliyorushwa kutoka Florida 2004. Hii iliundwa ili ikigundua mlipuko wa miale ya gama isingoje mtu aamke. Programu yake yenyewe iamue, iigeuze, ianze kutazama.

Swift ilipangiwa miaka 2. Machi 2024, ikikaribia miaka 20, moja kati ya jairoskopu zake tatu ikasumbua mpaka darubini ikasimamisha kazi. Huwezi kutuma fundi na spana huko juu. Bahati nzuri, walioiunda walikuwa washafikiria kwamba siku moja itabidi itumie mbili. Timu ikarekebisha programu, ikaituma angani, na mwanzoni mwa Aprili Swift ikarudi kazini. Hapo hapakuwa na keki wala hotuba, bana, ni watu tu walioelewa kazi waliyorithi.

Sasa tujiangalie. Hapa Lukenya najua vijana kibao wanaoandika apu kali. Siku ya uzinduzi kuna fulana, picha na laiki. Rudi baada ya mwaka: apu imekwama, aliyeiandika ameenda zake, hakuna maelezo, na nywila hakuna anayeijua. Tunaanza upya kila mara, kisha tunashangaa mbona hatufiki mbali.

Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1, na tulistahili kushangilia. Ila ajira ya kudumu iko kwa yule anayeamka kila siku, miaka 20, kuhakikisha kitu bado kinaongea na dunia. Malindi ikitajwa, sisi huuliza Waitaliano wanalipa ngapi. Sawa, tuulize. Mimi ningeuliza pia ni vijana wangapi wetu wanafundishwa kazi ya zile skrini, na kama vyuo vyetu vinampa mwanafunzi alama kwa kurekebisha programu ya mwenzake au ni kwa kuanzisha mpya tu.

Na wewe unayeandika apu usiku huu: andika maelezo. Kuna mtu atakayeifungua 2045, na huenda leo bado yuko chekechea.