Yule Jamaa wa Maiki: Jinsi Picha, Sauti na Maneno Vilivyofundishwa Kwenda Pamoja, Kutoka Vibanda Umiza vya Moshi Hadi Kwenye Simu

Jina lake halikuandikwa kwenye bango. Bango la kibanda umiza lilikuwa na jina la filamu, saa ya kuanza na kiingilio, basi. Lakini watu wa Majengo, Pasua au Kiboriloni walijua wakitoa hela yao wanamfuata nani. Ni yule jamaa wa maiki, aliyekaa pembeni ya deki, akigeuza Kihindi, Kichina na Kiingereza kuwa Kiswahili cha mtaani huku picha inakwenda.

Wengi walidhani kazi yake ni kujua lugha. Kumbe lugha ilikuwa nusu tu, na wengine wala hawakuijua lugha yenyewe vizuri. Nusu ya pili ilikuwa saa. Akichelewa sekunde mbili, adui ameshakufa ndiyo kwanza anatishiwa. Akiwahi, amewaharibia watu uhondo. Ilibidi ajue lini apunguze sauti ya kanda aingie yeye, lini anyamaze ngumi isikike, na lini aache wimbo upite bila kuuingilia. Wenzake wa Kampala waliitwa vijei, nao waliishi kwa ujuzi huohuo.

Swali alilokuwa akilijibu kila jioni, yaani nani anashika saa ili picha, sauti na maneno viende pamoja, ni la zamani kuliko deki. Na limewasumbua watu wenye elimu kubwa na pesa nyingi kuliko yeye.

SAHANI ZA VUGIRI

Kwenye njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi kuna Korogwe, na juu ya Korogwe, kwenye milima ya Usambara, kuna Vugiri. Hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi kama 35, kuhusu mambo ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta, kisha zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na nchi za jirani.

Jambo la kuvutia ni sauti. Filamu zilipigwa bila sauti, na maneno yakarekodiwa kando kwenye sahani za santuri. Faida yake ilikuwa kubwa: picha moja, lugha nyingi. Ukifika kwa Waswahili unaweka sahani ya Kiswahili, ukivuka mpaka unabadilisha sahani, filamu ni ileile.

Hasara yake kila fundi wa projekta aliijua. Filamu ikikatika huunganishwa, na kila kiungo kinakula vipande kadhaa vya picha. Sahani haijui habari hiyo, inaendelea kusema kama kawaida. Sindano nayo ikiruka mfereji mmoja, maneno yanahusu picha ambayo bado haijaja. Anayesema kuhusu mbu anasikika wakati watu wanaangalia ng'ombe. Fundi ndiye aliyebaki kuwa saa, macho kwenye picha na mkono kwenye santuri.

Vitabu vinawakumbuka wakuu wa mradi ule. Waliotia sauti kwenye sahani kwa lugha za kwao, na mafundi waliozizungusha usiku kwenye viwanja vya vijiji, wengi wao wamepita bila majina.

KUGANDISHA

Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na deki zikaanza kuingia, pengo la burudani lilikuwa kubwa, na vibanda vikalijaza. Mwanzoni yule jamaa alitafsiri moja kwa moja mbele ya watu. Baadaye akaanza kurekodi: kanda ya filamu, maiki na kanda tupu. Ilipokuja kompyuta, kazi ikahamia kwenye CD na DVD, na sauti yake ikaanza kusafiri bila yeye. Kanda iliyotafsiriwa mji mmoja ilichekesha watu mji mwingine.

Hapo tatizo la saa lilikwisha, kwa sababu sauti na picha viligandishwa pamoja. Haviwezi kuachana tena. Lakini kugandisha kuna bei yake. Sauti ya mtafsiri ikishapanda juu ya sauti ya asili, ya asili imekwenda. Mtu akitaka Kiswahili kingine, au akitaka kumsikia mwigizaji mwenyewe, hapati.

Bei hiyo familia nyingi za Kilimanjaro zimeilipa bila kujua. Desemba watu wanapanda nyumbani, Marangu, Machame, Kibosho, Rombo, na ndiyo msimu wa harusi, ubatizo na kipaimara. Mpiga video anachukua siku nzima. Akienda kuhariri, anapandisha muziki unaotamba mwaka huo juu ya picha. Ni shangwe tupu. Miaka ishirini baadaye watoto wanaweka ile DVD wamsikie bibi akitoa baraka kwa Kichaga, wanaona mdomo wake unacheza, wanasikia wimbo. Muziki na maneno ya bibi viligandishwa kwenye mkondo mmoja, na kama kanda ya kwanza ilifutwa ili itumike tena, ni vigumu kuyarudisha yalivyokuwa.

RATIBA BADALA YA GUNDI

Tarehe 15 Juni 1998, jumuiya inayosimamia kanuni za wavuti duniani, W3C, ilipitisha lugha iliyoitwa SMIL. Wazo lake lilikuwa kurudi kwenye akili ya Vugiri, lakini safari hii kwa kuondoa udhaifu wa sindano. Picha ikae peke yake, sauti peke yake, maandishi peke yake. Halafu kuwe na faili dogo la maandishi ya kawaida, lenye alama chache, linalosema kipi kianze lini na kikae muda gani.

Alama kuu zilikuwa mbili. Moja, seq, ilisema vitu hivi vifuatane. Nyingine, par, ilisema vitu hivi viende pamoja. Kwa hizo mbili, pamoja na maneno ya kuanza na kudumu, mtu aliweza kuandika: picha ya Kibo ikae sekunde kumi, na wakati huohuo mzee asikike akisimulia, na sekunde ya nne maneno yake yatokee chini. Ni kazi ya yule jamaa wa maiki, ikiwa imeandikwa kama ratiba ya basi.

Ilikuwepo alama ya tatu ambayo kwa watu wa huku ilikuwa na maana zaidi, inayoitwa switch. Hiyo ilichagua. Kama laini ni nyembamba, leta picha tuli na sauti. Kama ni pana, leta video. Kama mtazamaji anatumia Kiswahili, leta Kiswahili. Kama ameomba maandishi, mpe maandishi. Miaka ile laini nyembamba ndiyo iliyokuwa kawaida. Kwenye intaneti kafe za Moshi, zilizokuwa zinategemea sana watalii wa mlimani, watu walilipa kwa dakika na kusubiri picha moja ifunguke kidogo kidogo kuanzia juu. Ukurasa unaojipima kulingana na laini ulikuwa ni utu, si mapambo.

Mbona basi hakuna anayelikumbuka jina hilo? Kwa sababu wakubwa walivutana. Mwaka huohuo 1998 Microsoft, Macromedia na Compaq walipeleka W3C pendekezo lao, HTML+TIME, la kutia saa ndani ya ukurasa wenyewe. Wazo halikuwa baya hata kidogo, na mambo yake mengi yaliingia kwenye SMIL 2.0 ya mwaka 2001. Tatizo ni kwamba HTML+TIME ilifanya kazi kwenye Internet Explorer tu. Aliyetumia kivinjari kingine aliona ukurasa umekaa kimya kama deki isiyo na kanda. Watengenezaji wakakimbilia Flash, iliyogandisha kila kitu ndani ya boksi moja na kuonekana sawa kila mahali ilipowekwa. Flash ikatawala wavuti kwa miaka mingi, kisha nayo ikaondolewa: Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Michezo, katuni na kurasa chungu nzima zilizotengenezwa kwa Flash leo hazifunguki bila vifaa maalumu.

Hapo kuna somo kwa pande zote mbili. Ratiba inahitaji msomaji anayeielewa. Akikosekana, vipande vinabaki vimetawanyika. Gundi inaonekana salama, lakini boksi likifa linakufa na vyote vilivyomo.

ILIKOJIFICHA

SMIL haikufa. Ilihama mtaa. Kwanza iliingia kwenye simu. Ule ujumbe wa picha, MMS, uliokuja na simu za kamera, ndani yake ulikuwa na ratiba ya SMIL inayosema picha ikae sekunde ngapi na sauti ianze wapi. Walioutumia hawakuwahi kuliona jina hilo.

Pili, na hapa ndipo ilipofanya kazi kubwa kuliko zote, iliingia kwenye vitabu vya kusikiliza vya wasioona. Mfumo wa DAISY, unaotumiwa na maktaba za wasioona katika nchi nyingi, unatumia SMIL kuunganisha kila sentensi ya kitabu na sekunde yake kwenye sauti. Msomaji asiyeona anaweza kuruka hadi sura ya tano, kurudi aya moja, au kutafuta neno. Kwenye kaseti angebaki kurudisha na kupeleka mbele kwa kubahatisha. Kwa mji kama Moshi, ambao shule yake ya msingi Mwereni inajulikana kwa kuwapokea watoto wasioona, habari hiyo si ya mbali.

Kwenye wavuti wenyewe, mambo yalitulia HTML5 ilipokamilishwa Oktoba 2014. Video ikawa na alama yake, na ndani yake alama nyingine, track, inayoita faili la maneno. Faili hilo, WebVTT, ni jepesi kuliko hata SMIL. Linaandika sekunde ya kuanza, sekunde ya kuisha, kisha maneno, na hivyohivyo mpaka mwisho. Mtu yeyote mwenye simu na subira anaweza kuliandika. Na kila faili linabeba alama ya lugha yake: sw kwa Kiswahili, vun kwa Kivunjo, jmc kwa Kimachame, rof kwa Kirombo. Ndiyo, lahaja za Kichaga zina alama zake kwenye viwango vya kimataifa. Kinachokosekana ni mafaili.

LEO, HOROMBO

Agosti 2022 Serikali ilitangaza kuwa intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mwaka kuisha ikatangaza imefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mlima ambao wapagazi walipanda bila hata laini ya simu, sasa unarushwa mubashara. Vijana wa Moshi wanarekodi wazee wao, nyimbo, mapishi ya mtori, historia za koo, na kurusha siku hiyohiyo.

Kwenye video hizo maneno yapo, makubwa, ya njano, yanaruka. Lakini yamegandishwa kwenye picha. Yanapendeza, ila ni picha ya maneno. Hayatafutiki, hayatafsiriki kirahisi, kifaa cha asiyeona hakiyasomi, na kosa la herufi moja linabaki hapo milele. Kwa kiziwi ni afadhali kuliko kimya, na kwa viziwi jambo hili si la anasa: Kenya, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliagiza vituo vya televisheni viweke lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari na vipindi vya elimu. Kwenye simu hakuna anayeagiza. Inabaki hiari ya mwenye video.

Hiari hiyo haina gharama kubwa. Ni kuhifadhi sauti ya mzee kabla ya kupandisha muziki. Ni kuandika maneno kwenye faili lake, kando ya video, kwa Kichaga na kwa Kiswahili, ili programu moja ikifa maneno yahamie kwingine. Na ni kuweka mstari mmoja mwishoni wenye jina la aliyeandika na kupanga saa.

Mstari huo yule jamaa wa maiki hakuwahi kuupata, wala waliotia sauti kwenye sahani za Vugiri. Walifanya filamu za watu wengine zieleweke, wakabaki "yule jamaa". Zamani kulikuwa na sababu, kanda ilikuwa fupi na bango dogo. Leo faili la maneno lina nafasi ya jina, na uzito wake haufiki hata wa picha moja.

Kwenu nani alikuwa anatafsiri? Kama jina lake bado linakumbukwa, liandikwe hapo chini kwenye maoni, pamoja na mtaa na filamu aliyoitendea haki.