Tinti ya kioo cha mbele: jinsi ya kubandika nyumbani, na kwa nini ya kwetu niliibandua

Tangu watu wa mtaani kwetu wanione na wembe na chupa ya maji ya sabuni kwenye magari, swali ni lile lile: dogo, kioo cha mbele nacho unaweza kukipiga tinti? Jibu fupi ni naweza. Jibu refu ndilo hili hapa, na nalitoa kama mtu aliyefanya kosa, si kama fundi mkubwa. Nilimaliza form four, nikakaa nyumbani, nikajifunza kazi hii kwa kumwangalia fundi mmoja na kuharibu karatasi nyingi.

Ilikuwa Juni 2022. Kaka yangu ana Toyota IST, na mimi ndiye niliyeipiga tinti gari zima mpaka kioo cha mbele, tena ile yenye namba 20. Mchana gari ilitisha, watu walikuwa wanageuka. Jumamosi yake tukatoka Morogoro kwenda Dodoma, tukachelewa kuondoka. Saa moja na nusu usiku, kabla ya kufika Dumila, lori linakuja mbele na taa zote. Lilipopita tu kaka akapiga breki mpaka gari ikalala upande. Mbele yetu, kama hatua nne, palikuwa na mzee anakokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Hana taa, hana hata kile kioo chekundu cha nyuma. Tukashuka. Kaka akaamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia marahaba, akaangalia gari, akauliza taratibu: "Wanangu, hamkuniona?" Kaka hakumjibu. Aliniangalia mimi.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Karatasi ya tinti si karatasi, ni plastiki nyembamba ya poliesta yenye gundi upande mmoja, na juu ya gundi kuna ngozi nyingine isiyo na rangi ambayo unaibandua wakati wa kazi. Ile namba yake, 5, 20, 35, 50, 70, ni asilimia ya mwanga unaopita. Namba ndogo, giza kubwa. Kosa la wengi, na langu likiwemo, ni kusahau kwamba kioo chenyewe kinakula mwanga kabla hujabandika chochote. Chukua kioo kinachopitisha asilimia 75. Ukiweka tinti ya 35 unazidisha, 75 mara 35, unabaki na asilimia 26. Ya 20 inakuachia 15. Ya 5 haifiki hata 4. Yaani usiku ule kaka alikuwa anaendesha na asilimia 15 ya mwanga uliopo, na usiku wa kijijini mwanga wenyewe hakuna. Hata ile ya 70 ambayo watu wanasema "hii ni nyepesi tu" inakushusha mpaka 52.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza sheria za nchi za watu. Uingereza kioo cha mbele cha gari lililoanza kutumika kuanzia Aprili 1985 lazima kipitishe angalau asilimia 75. Marekani kiwango chao ni 70, na Japani ni 70 kwa kioo cha mbele na vioo viwili vya pembeni mwa dereva. Ukipiga hesabu utaona hakuna tinti ya rangi inayoingia hapo. Angalia gari za Japani zinazoshushwa bandarini Dar: vioo vya nyuma vyeusi toka kiwandani, vya mbele vyeupe. Watu wanadhani Mjapani alibana matumizi. Hakubana, aliacha mahali pa dereva kuona. Na hapa kwetu ukitembea na kioo cha mbele cheusi, jiandae kuongea na trafiki kila mzani.

"Lakini jua la Dodoma, dogo!" Nakubali. Ila jua tuligawe. Kioo cha mbele si kama vya pembeni. Ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki laini katikati, ndiyo maana jiwe likipiga kinapata ufa kama utando wa buibui lakini hakimwagiki, wakati cha pembeni kinamwagika punje punje. Ile plastiki ya katikati tayari inazuia karibu miale yote inayounguza ngozi. Anayekuambia tinti nyeusi ya mbele inakinga ngozi anakuuzia kitu ulichonacho. Kinachobaki ni joto, na karibu nusu ya nguvu ya jua ni miale ambayo jicho halioni kabisa. Kwa hiyo weusi si dawa ya joto. Zipo karatasi za seramiki ambazo kwa macho ni kama hazipo, zinapitisha mwanga asilimia 80 au 90, na bado zinapunguza joto kuliko zile nyeusi za bei poa. Zile nyeusi za bei poa ni rangi tu, jua likizipiga muda zinageuka zambarau. Umeziona.

Ushauri wangu basi ni vitu viwili tu vya kuweka mbele. Ama mkanda wa juu wa kuzuia jua la jioni, ama seramiki nyeupe kioo kizima. Mkanda uwe mwembamba. Vioo vingi vina maandishi AS1 na kamstari kadogo pembeni kwa juu, usishuke chini ya hapo. Kama hakuna alama, kaa kwenye kiti cha dereva, mwambie mtu aweke selotepu nje, hakikisha unaona taa za barabarani bila kuinama. Kwa seramiki kioo kizima, fanya hesabu ya kuzidisha kwanza. Kioo cha 78 na karatasi ya 90 unapata 70. Kioo cha 75 na karatasi hiyo hiyo hupati.

Namna ya kubandika. Karatasi inakaa ndani ya kioo, lakini inakatwa na kupinda nje. Tafuta sehemu iliyofunikwa isiyo na upepo, maana vumbi ndiye adui namba moja. Mimi namwagia maji sakafu kabla ya kuanza, vumbi linalala. Vua stika zote za zamani, zile za Nenda kwa Usalama zina gundi kama saruji, zilowanishe kwanza. Funika dashibodi na mataulo mazito. Usifanye mchezo na hili, maji yakishuka kwenye redio na nyaya zilizo chini ya dashibodi utalipa zaidi ya bei ya tinti. Kama gari ni jipya na lina kamera au kihisi cha mvua nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, sehemu hiyo inakatwa na kuachwa wazi. Na epuka karatasi zenye chuma ndani, zinasumbua redio na ramani ya simu.

Maji ya kazi ni maji safi (yachuje kwanza kama ya bomba yana mchanga) na matone machache ya shampoo ya watoto. Sabuni ikizidi karatasi haishiki, ikipungua haitelezi. Safisha kioo ndani mara mbili au tatu, pitisha wembe mpya ukiwa umelaza, futa na raba. Usitumie kitambaa kinachotoa nyuzi.

Sasa sehemu ngumu. Kioo cha mbele kimepinda pande zote mbili, karatasi iko bapa. Ukiilaza itatoa mikunjo kama vidole. Hapo ndipo wengi wanaishia, wanakata vipande na kuunga, na usiku kila muungano unatawanya taa za gari linalokuja. Njia sahihi ni kuinyauka kwa moto. Lowanisha kioo kwa nje, laza karatasi ile ngozi ya gundi ikiwa inakutazama, urefu wa roli uende kulia na kushoto. Ni muhimu, kwa sababu karatasi inanyauka vizuri kwa urefu wa roli, kwa upana inagoma. Isukume na raba katikati, ivutike kama herufi H, ili mikunjo yote isimame juu na chini. Kisha mashine ya hewa ya moto, polepole, mkunjo mmoja mmoja, huku unaipapasa na raba. Inajikunja yenyewe mpaka inashika umbo la kioo. Dryer ya saluni inaweza kwa mkanda wa juu, kwa kioo kizima utakesha. Moto usisimame sehemu moja hata kidogo. Kioo hiki kikipata joto doa moja kinapasuka, na kama kina ka-ufa ka jiwe, usikiwekee moto kabisa.

Kata pembeni ukifuata ule mstari mweusi wa nukta nukta, gundi haishiki vizuri juu ya nukta. Halafu muite mtu, kazi hii ya kuingiza ndani haifanywi na mtu mmoja. Mnabandua ngozi kwa vipande viwili vya selotepu, mmoja anavuta, mwingine anapuliza maji kwenye gundi bila kuacha. Mnaiingiza, mnaipanga ikiwa inaelea, ndipo unasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Povu la hewa unalitoa siku hiyo hiyo. Ukungu na vifuko vidogo vya maji viache, vinakauka vyenyewe siku kadhaa, wakati wa mvua hata wiki tatu. Usiendeshe usiku mpaka kikauke. Vumbi lililoingia halitoki, usilibonyeze na kucha.

Kubandua ni rahisi kuliko kubandika. Tulipofika Dodoma usiku ule kaka hakulala mapema, na asubuhi hakunisemesha mpaka chai. Nikatandika mfuko mweusi wa plastiki juu ya kioo kwa ndani, nimeulowanisha na maji ya sabuni, nikaacha gari juani kama saa mbili. Jua lile lile lililotufanya tuweke tinti likalainisha gundi. Nikaanzia kona ya juu, nikavuta taratibu sentimeta moja moja, gundi iliyobaki nikaikwangua na wembe uliolala na maji mengi. Kwa kioo cha nyuma wembe ni marufuku, utakata zile nyuzi za kuondoa ukungu, huko tumia sabuni na subira. Kazi nzima ilinichukua asubuhi yote. Upande wa abiria bado kuna mkwaruzo wangu mdogo, mrefu kama kidole. Kaka ameweka seramiki baadaye, ya 90, na tumepita tena Dumila usiku mara mbili.